Zamani mtumba ulikuwa nguo mpya

Neno mtumba halikuzaliwa katika masoko ya Manzese wala Karume, Dar es Salaam. Kabla halijawa jina la nguo zilizovaliwa Ulaya zikaja kumalizia umri wao kwetu, lilikuwa jina la mzigo wa mpagazi: majora ya kitambaa kipya yaliyoviringwa pamoja, yakakazwa kwa kamba mpaka yakawa gogo gumu lenye urefu wa karibu futi 5, kisha likapanda begani kwa Mnyamwezi pale Bagamoyo likaja kutua Unyanyembe, nchi ilipo Tabora, baada ya miezi. Kutoka Tabora mizigo mingine iliendelea magharibi, kuelekea mto Malagarasi na Ujiji, ikikata nchi ambayo leo ndimo ilimo Usinge, kata ya Wilaya ya Kaliua na kituo cha Reli ya Kati. Wakulima wetu wa tumbaku bado wanalitumia neno hilo kwa maana iliyo jirani na ile ya kale. Jani likishatoka banini, kwenye banda la kukaushia, na kupangwa madaraja, hufungwa mtumba na kupelekwa chama cha msingi kupimwa.

Nimelikumbuka neno hili kwa sababu ya mtoto wa dada yangu. Mwaka jana alinitumia picha kwa simu pamoja na maneno machache: "Shikamoo mjomba. Nimefungua kampuni ya nguo za vijana, naomba uitazame nembo." Ilikuwa picha ya simba aliyevaa taji. Chini yake palikuwa na maneno ya Kiingereza ya kujisifu, na chini zaidi jina la mji wa Marekani ambao yeye hajaukanyaga. Fulana 40 zilikuwa zimeshachapwa Dar es Salaam na zilikuwa njiani kuja Usinge. Nilimjibu kwamba simba amechorwa vizuri, na kweli alichorwa vizuri. Ila nilijua nimemnyima jibu alilolistahili. Nalitoa hapa, mbele ya watu, kwa kuwa vijana walioanza safari kama yake ni wengi, Kaliua, Kahama, Kasulu na kwingineko, na karibu wote wanaanza kwa kutafuta mchoraji kabla hawajajua wanataka kusema nini.

Tuanze na jina la kazi yenyewe. Nguo hizi huitwa nguo za mtaani. Fulana pana, kapelo, sweta la kofia, raba, suruali yenye mifuko mapajani: zilikua katika mitaa ya miji mikubwa na zinabeba majivuno ya mitaa hiyo. Sasa Usinge hakuna mtaa. Kwa utaratibu wetu wa serikali za mitaa, mtaa ni wa mjini. Kijiji kina vitongoji. Kijana wa Usinge anayejitahidi kujifanya wa mtaani anaanza akiwa na deni, kwa sababu kila kijana wa Temeke atamzidi kwa jambo hilo, na kijana wa Temeke naye atazidiwa na wa New York. Lakini Usinge ina kitu ambacho mitaa mingi haina. Ina njia. Hapa pamepita watu na mali tangu kabla ya Mjerumani, reli yake ikapita hapahapa ikielekea Kigoma, ilikofika mwaka 1914, na sasa inajengwa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ambayo mkataba wake ulitiwa saini Desemba 2022. Kijana aliyekulia kando ya njia anajua mambo ambayo wa mtaani hayajui: kumtambua mgeni kwa viatu vyake, kusubiri, kufunga mzigo usifumuke, kukisia bei kwa kuugusa upindo.

Na hilo la kugusa upindo lina historia ndefu kuliko tunavyofundishwa shuleni.

Katika karne ya 19 nguo ilikuwa fedha ya nchi hii. Mshahara wa mpagazi, chakula cha msafara, hongo ya mtemi, yaani ushuru wa njia, vyote vilihesabiwa kwa shuka na doti, vipimo vya kitambaa vya siku hizo. Nguo iliyotawala ilikuwa merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kilicholetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, hasa baada ya Sayyid Said kufunga mkataba na Marekani mwaka 1833. Kando yake ilikuwapo kaniki ya India, ya buluu iliyoiva, na nguo za milia zenye majina yao: debwani, sohari, barsati. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipofika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857, alijaza kurasa nyingi za kitabu chake kwa orodha ya vitambaa na shanga, na si kwa mapenzi ya mavazi. Msafara uliokosea aina ya nguo ungeweza kufa njaa katikati ya watu wenye maghala yaliyojaa. Ushanga uliopendwa nchi moja ulitupwa nchi ya pili kama changarawe.

Maana yake ni kwamba mteja wa Unyamwezi ndiye aliyekuwa akiamua. Watengenezaji wa mbali walipoleta kitambaa chepesi cha kuiga merikani, wanunuzi wa bara walikipapasa wakakikataa. Mzee wa Urambo au Usinge ambaye hakuwahi kuiona bahari alikuwa na sauti katika kiwanda cha Massachusetts, ingawa kiwanda hakikumjua kwa jina. Na majina nayo yalitoka huku. Shanga nyekundu za samesame zilibandikwa jina la utani, kivunja mji, kwa sababu zilipoingia hazikuacha akiba ndani ya nyumba. Mwenye kiwanda cha shanga kule Venice asingeweza kubuni jina kama hilo. Lilitoka kwa watu walioona majirani zao wakifilisika kwa shanga.

Hapo ndipo nataka mpwa wangu asimame kidogo. Jina la nguo huanzishwa na mwenye nguo, ila hukamilishwa na wanaoivaa. Kazi yake yeye ni kuwapa kitu kinachostahili kuitwa jina.

Merikani ina somo la pili, nalo linauma. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani, mwaka 1861 hadi 1865, pamba ilikatika na meli za Salem zikapungua. Kitambaa cha Uingereza na baadaye cha viwanda vya Bombay kikaingia katika nafasi ile. Jina halikubadilika. Watu waliendelea kusema merikani, au amerikani, na hadi leo ukienda dukani ukaomba marekani utapewa kitambaa hicho bila mtu kuuliza kimefumwa wapi. Wafumaji wa Salem waliijenga sifa, wakaja wengine wakaivaa. Sifa iliyokaa juu ya kitambaa peke yake, bila alama ya aliyekifanya, inahamishika.

Pwani walilijua hilo mapema. Kaderdina Hajee Essak alianza biashara ya nguo Mombasa mwaka 1887, na kanga zake zikajulikana kwa alama isiyokosekana: K.H.E., Mali ya Abdulla. Zipo familia zenye kanga hizo sandukuni ambazo bibi alizinunua, mama akazirithi. Maandishi ya alama ni madogo, hayapigi kelele. Linaloongea kwa sauti kubwa kwenye kanga ni jina lake, ule msemo wa chini ambao mwanamke anautuma kwa jirani au kwa mke mwenziwe. Mwenye kanga alimwachia mvaaji nafasi ya kusema, yeye akabaki na pembe ndogo ya kuahidi kwamba rangi haitachuja. Sijaona mpango mzuri zaidi ya huo kwa kampuni yoyote ya nguo, ya Mombasa, ya Tokyo au ya Usinge.

Basi turudi kwenye simba mwenye taji. Kosa lake si kuwa simba, ni kwamba hatoki popote. Anaweza kuchapwa Lagos, Manila au Bogotá asihisi tofauti. Ndivyo ilivyo pia kwa ramani ya Afrika yenye rangi tatu, uso wa Mmasai aliyefunga macho, mbuyu na jua linalozama. Picha hizo zilichaguliwa na watu waliotutazama kutoka kwenye dirisha la gari la watalii. Sisi tunaziazima kujieleza wenyewe, na tunajieleza vibaya.

Wenzetu waliofanikiwa walianza karibu na mikono yao. Shawn Stüssy alikuwa akitengeneza mbao za kuteleza juu ya mawimbi huko California, na saini aliyoikwaruza kwa kalamu kwenye mbao hizo ndiyo iliyohamia kwenye fulana mwanzoni mwa miaka ya 1980. Carhartt, ambayo leo vijana wa kila bara wanaivaa kwa fahari, ilianzishwa Detroit mwaka 1889 kushona mavazi ya kazi ya wafanyakazi wa reli. Mavazi ya wafanyakazi wa reli! Nawaza vijana wa Usinge waliokua wakisikia honi ya treni usiku, waliouza karanga na asali madirishani mwa mabehewa, wakihangaika kutafuta wazo kwenye simu.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Jeffrey Kimathi, Mkenya aliyekuwa akiishi New York, ambaye mwaka 2003 alianzisha Jamhuri Wear. Katikati ya mji ambao dunia nzima inauiga, yeye alichukua neno la Kiswahili na rangi za nchi zetu. Jay-Z alipofika Tanzania mwaka 2006 katika ziara yake ya Afrika, alivaa jaketi la kampuni hiyo. Kijana wa New York alitafuta nguvu katika neno jamhuri, na kijana wa Usinge anaitafuta katika jina la New York. Mmoja wao alikuwa amesimama mahali pake.

Usinge ikitazamwa vizuri ina rangi za kutosha. Upo umanjano wa jani la tumbaku likiwa limeiva banini, kahawia ya asali ya miombo, wekundu wa udongo unaopaka miguu ya suruali kila kiangazi. Wekundu huo una mizizi. Kirangozi, mwongoza msafara, alitangulia mbele amejifunga kitambaa chekundu, kichwani manyoya, mabegani ngozi ya mbega, mkononi bendera nyekundu ya Zanzibar. Rugaruga, wapiganaji wa mtemi Mirambo, nao walijulikana kwa nguo nyekundu, manyoya na mapambo ya pembe na shaba. Kwa vijana wa Unyamwezi wa enzi ile kwenda pwani kulikuwa sehemu ya kuwa mwanaume, na aliyerudi alirudi na nguo. Watu hao walijua kuvaa ili wajulikane nani kaja. Hakuna aliyewafundisha kutoka nje.

Hapa lazima niseme jambo zito. Njia hii haikupitisha nguo na pembe za ndovu tu. Ilipitisha watu waliofungwa minyororo, waliotekwa Manyema na kwingine ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wakiswagwa kupitia Ujiji na Unyanyembe kwenda pwani. Nimeshaona fulana, za kutoka nje, zenye pingu na minyororo kama urembo. Nisingependa kuona hata moja ikitoka Usinge. Wala nisingependa kuona kijana wetu akichapa picha ya msafara iliyosafishwa, ngoma na mitende tu, kana kwamba ilikuwa harusi. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru, wafanyakazi wa ujira waliojua thamani yao na waliogoma wakidhulumiwa. Hiyo ni picha ya heshima na ni ya kweli: bega, mzigo, mwendo. Ukiichukua, ichukue ukijua nani mwingine alipita kwenye vumbi lile, na uache nafasi ya ukimya kwa ajili yao. Kwangu mimi jambo hili linatangulia biashara.

Sasa kitambaa. Nembo nzuri juu ya fulana mbaya ni tangazo la ubaya. Ukiinunua fulana nyepesi ya gramu 140 kwa kila mita ya mraba, mteja atauona mwili wake kupitia kitambaa ndani ya wiki chache. Ya gramu 180 au 200 inasimama begani na inavumilia jua. Pamba ambayo haikufinyazwa kiwandani itajifinyaza nyumbani kwa mteja, kwenye beseni lake, na aliyenunua kubwa atajikuta na ya mdogo wake. Wino wa plastiki unaotumika kuchapia unahitaji joto la karibu nyuzijoto 160 za Selsiasi ili ushikamane na nyuzi. Mchapaji mwenye haraka akiupitisha juujuu, maandishi yatapasuka kama tope la mbuga wakati wa kiangazi. Mteja hatasema mchapaji wa Dar es Salaam kakosea. Atasema jina lililoandikwa kifuani.

Ukubwa wa nguo nao ni ahadi. Ile inayoitwa kati iwe ya kati leo na mwakani. Tuna viwanda vinavyofuma na kushona hapa nchini, Sunflag ya Arusha ipo tangu mwaka 1965, A to Z nayo ipo hukohuko. Igunga na Nzega wanalima pamba katika mkoa wetu wenyewe, ingawa sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii huuzwa nje kabla haijawa uzi. Kampuni ya fulana 40 haiwezi kulibadilisha hilo, lakini inaweza kuamua itanunua wapi na kuandika hivyo kwenye lebo. Mafundi cherehani wa sokoni wanaweza kukunja upindo, kushona mfuko, kudarizi alama kwa uzi mwekundu. Hapo fulana iliyotoka kiwandani inaanza kuwa ya Usinge.

Mtumba wa siku hizi ni mpinzani mkubwa, na sioni sababu ya kuutukana. Umewavisha watoto wetu. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuuondoa hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kufunga mlango wake wa biashara, nchi nyingine zikarudi nyuma, na Rwanda iliyoshikilia msimamo ikasimamishiwa mwaka 2018 nafasi ya kuuza nguo huko bila ushuru. Kwa hiyo mtumba upo na utakuwapo. Siku ya gulio belo linafunguliwa na mtu anachambua mpaka apate fulana ngumu, nzuri, kwa bei ambayo mpwa wangu hataifikia akifuma, akishona na kuchapa. Asishindane kwa bei. Kwenye mtumba mtu anapata kila kitu isipokuwa jina lake mwenyewe. Anavaa mbio za hisani za mji asioujua, timu ya shule asiyosoma. Siku za mechi kubwa kijiji kizima kinageuka njano na kijani au nyekundu na nyeupe, na mkulima asiyeongeza hata kilo moja ya sukari nyumbani ananunua jezi ya Yanga au Simba. Hanunui uzi, ananunua kusimama na watu wake. Nafasi hiyo ndiyo iliyo wazi, na inamngoja mtu atakayeifanyia kazi kwa uaminifu.

Jambo la mwisho nililotaka kumwambia ni la kisheria, na vijana wetu hulidharau mpaka wachelewe. Disney iliomba kulisajili Marekani fungu la maneno hakuna matata mwaka 1994, likasajiliwa mwaka 2003, na miongoni mwa bidhaa zilizotajwa ni fulana. Ilipojulikana sana mwaka 2018, watu zaidi ya laki moja walitia saini kulalamika. Mwaka 2006 kampuni ya Uingereza iliomba kumiliki neno kikoi huko kwao. Wakenya walipinga na ombi likaanguka. Sisi tunaoyasema maneno haya kila siku hatukufikiri kwamba yanaweza kuwa mali ya mtu.

BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, husajili alama chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Nguo, viatu na kofia ziko daraja la 25. Ombi likipita hutangazwa, na watu wana siku 60 za kupinga. Ulinzi wa kwanza ni miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Usajili huo ni wa Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria na ofisi yao. Kusajili jina la kampuni pekee hakutoshi, na wengi huchanganya mambo hayo mawili. Nakuomba pia, mwanangu, usijaribu kuifanya Usinge iwe mali yako, wala Mirambo. Jina la nchi na jina la mtemi ni vya wote. Sajili kile ulichokichora wewe, kwa namna ulivyokichora wewe.

Mwezi uliopita mpwa wangu alikuja nyumbani. Simba hayupo. Fulana zile 40 ziliuzwa, nyingine kwa ndugu, na baada ya kufuliwa mara kadhaa taji lilianza kumenyuka. Alikwenda mwenyewe kuwaona waliozinunua, nyumba kwa nyumba, akawarudishia fedha au kuwaahidi nyingine. Safari hii aliniletea fulana moja tu, nyeupe ya maziwa, rangi ya marekani kabla haijafuliwa. Kifuani haina kitu. Kwenye upindo wa chini, upande wa kushoto, fundi amedarizi kwa uzi mwekundu mstari mfupi mnene na vistari viwili juu yake, kama mzigo uliokazwa kwa kamba. Nikamwuliza ni nini. "Mtumba, mjomba. Ule wa zamani."

Sikumsifu haraka safari hii. Nilipapasa mshono wa bega, nikavuta shingo kuona kama inarudi. Alinitazama mikono, si uso. Kisha akasema anaomba niivae shambani, niifue kwa sabuni ya kipande, niianike kwenye jua bila kuionea huruma, mpaka masika yaishe. Akiiona imebaki vile ilivyo ndipo atatengeneza ya pili.

Iko kambani nje ninapoandika haya. Ni mara ya tisa naifua.